Maombi kwa Ajili ya Nakhungu

Wepukhulu, mzee wa kanisa na mkulima mkubwa wa mahindi hapa nje ya Kitale, alilia akitazama filamu. Tulikuwa kwake kwa ushirika wa Jumapili mchana, na mchungaji alituonyesha hadithi ya tajiri wa zamani aliyewasomea watumwa wake Biblia asubuhi na kuwachapa jioni.

"Shetani kabisa, huyo!" mzee akasema, akipangusa macho. "Ati na Biblia mkononi! Nakhungu, leta chai."

Nakhungu akaleta. Amepika katika nyumba hiyo tangu usichana wake. Kitambulisho chake mzee amekifungia kabatini, kisije kikapotea. Geti hufungwa kwa kufuli, isipokuwa wageni wakija. Likizo hana, kwa sababu yeye ni kama binti wa nyumba, na binti wa nyumba aende likizo wapi?

Mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Nakhungu alisimama.

"Mama yangu amelazwa hospitali ya Lugulu. Madaktari wamesema kesho anaweza asifike. Nimeomba mzee ruhusa wiki yote. Tafadhali, ongeeni na yeye. Anipatie kitambulisho niende."

Kwetu, lolote litakalosemwa wakati huo huombewa, basi. Hakuna aliyemgeukia mzee.

"Bwana asifiwe," tukaitikia.

"Si mimi nakataa," mzee alisema kwa upole. "Ni kuvuna, bana. Wavunaji watapikiwa na nani? Tumwombee moyo wa subira."

Akamwekea mkono kichwani. Tukafumba macho. Huwa anatukemea sana tukichungulia wakati wa maombi. Mimi huchungulia.

Nakhungu alikunja magoti polepole, akatoka chini ya ule mkono. Mkono ukabaki hewani. Mzee alijua. Sauti ilipanda, maneno yakaanza kukimbizana, lakini macho hakufungua. Angeyafunguaje mbele yetu?

"Mtulize, Baba! Mshike, asipotee!"

"Amina!"

Ndipo mzee akatoka mbio hadi getini, nasi nyuma yake. Nakhungu alikuwa ameshafika barabarani, ndala mkononi, anakimbia kuelekea Kiminini, njia ya Lugulu.

"Rudi, mama! Utateseka huko!"

Hakugeuka. Nauli hakuwa nayo, na Lugulu kwa miguu hufiki kabla ya kesho.