Kuomba Wali kwa Mikono

Juzi nilipita Kilifi mjini, nikasimama kununua viazi karai. Mbele yangu walikuwapo wasichana wawili wakizungumza kwa mikono, wamezama hata wamesahau ukwaju wao. Niliwaelewa. Mmoja alikuwa akimsengenya shangazi yake. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na moyo ukanipeleka Mambrui, nyumbani kwa bibi.

Dada yangu alizaliwa hasikii. Alipofika umri wa kusoma, alipelekwa shule ya bweni ya watoto wasiosikia, na huko akapata lugha ya ishara. Shida ilikuwa likizo. Alirudi na lugha nzima mikononi, asipate wa kusema naye. Sisi tulijua kumwonyesha tu: njoo, kula, lala. Basi alikuna nazi, akafagia ua, kisha akaketi karibu na mlango akitazama midomo yetu ikienda.

Adhuhuri moja bibi alipakua wali wa nazi na mchuzi wa papa, akaweka sinia mkekani, halafu akalifunika tena kwa kawa.

"Tangu leo hapa hakuna kuomba kitu kwa mdomo," akasema. "Anayetaka mchuzi, aombe kwa mikono. Mwalimu wenu huyu hapa." Akamshika dada bega.

Mama akashtuka. "Watoto watashinda na njaa, mama!"

"Basi watajifunza upesi."

Mwenzangu, usicheze na harufu ya wali wa nazi ukiwa na njaa. Siku hiyo hiyo nilijua wali, nilijua samaki, nilijua ndimu na pilipili. Kila mchana dada alituongezea maneno mapya, na aliyekosea alisubiri mpaka apatie. Bibi ndiye aliyetaabika zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa miaka mingi ya kusuka mikeka. Siku moja alikusudia kuomba maji, kumbe ameomba punda. Dada akaangua kicheko kwa sauti, hata kuku wakatawanyika uani. Mama aliacha kula akamtazama. Hatukuwahi kumsikia akicheka hivyo mle ndani.

Likizo ikaisha, dada akarudi shuleni. Mimi nilidhani tumepumzika. Kesho yake nikanyoosha mkono kwenye sinia, bibi akaupiga kofi dogo.

"Lakini hayupo, bibi. Twamwonyesha nani?"

"Akirudi atukute wapi? Pale pale alipotuacha?"

Tukaendelea. Kuna siku nilinuna, nikasema lugha hii ni ngumu, sitaiweza. Bibi hakunibembeleza. Aliniuliza tu, kwa mikono yake mizito, nimekula nini asubuhi. Nikamjibu mahamri na mbaazi, bila kufikiri. Akainua nyusi, akaendelea kula. Nami nikaona kumbe nimeshaanza kuiweza.

Dada aliporudi, bibi alimngoja mlangoni. Hakumwonyesha njoo, wala kula. Alimuuliza, polepole, safari ilikuwaje, na garini aliketi na nani. Dada akaweka begi chini. Akajibu, akaendelea kujibu, mikono haikamatiki, chakula kikapoa tukimwangalia. Bibi alimwambia arudie pale asipoelewa. Hapo ndipo tulipojua kwamba kila mwisho wa muhula dada alikuwa akimwomba mwalimu wake amruhusu kubaki bwenini, asije nyumbani. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko kitambo. Tangu hapo dada hakuomba tena kubaki.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Nyumba ile wanakaa wapangaji, na sisi kila mmoja anakula kwenye sahani yake, kwake. Dada ni mwalimu sasa. Siku nyingi tunaandikiana kwa simu, kwa haraka, na wanangu wanajua salamu za mikono tu.

Mwaka jana tulipoonana nilimweleza jambo ambalo hakuwahi kulijua: bibi alipokuwa akisema kwa mikono, bangili zake za fedha zililia. Sisi sote tulikuwa tukisikia mazungumzo yake hata tukiwa uani.

Dada akaniuliza zililia vipi.

Nilijaribu kumwonyesha. Nikainua mikono, nikaishusha, nikajaribu tena. Akanishika viganja vyangu akavitikisa taratibu, akinitazama usoni, akiuliza kwa macho: hivi?

Nikamwitikia kwa kichwa: ndiyo, hivyo hivyo.