Kompyuta Iliyojiuliza Yenyewe

Juzi nilipeleka maharage kwenye ofisi moja ya wakimbizi pale Kasulu. Dirishani, mama Mrundi alikuwa akimuulizia mwanawe waliyepoteana naye mpakani. Karani akaandika jina kwenye kompyuta, akangoja, akasema, "Hayupo," kama muuza duka anayesema sukari imekwisha.

"Hayupo kambi gani, bwana?"

"Zote, mama."

Mama akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Kisha akasema polepole, "Basi tafuta jina langu mimi."

Karani akacheka, akaandika. Kicheko kikamkauka mdomoni. Mama naye hayupo.

"Mawe!" Mama akamwita mama yake kwa Kirundi, akajigusa kifua. "Nimekufa lini?"

Akaitwa fundi kutoka chumba cha nyuma, inakokaa kompyuta kubwa yenye majina ya watu wote. Akainama, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Mahali pa anwani ya ile kubwa mmeweka 127.0.0.1. Hiyo ni namba ya kompyuta kujiita yenyewe. Tangu asubuhi hii ya dirishani inajiuliza yenyewe, na haina jina hata moja."

Nawajua wakubwa kadhaa wa namna hiyo, ila wao hawana waya.

Fundi akarekebisha. Mama akapatikana. Karani alipotaka kuandika jina la mtoto, mama akamshika mkono, akafumba macho, ndipo akamwachia.

Yupo. Kambini Kibondo.

Nikamuuliza karani, "Na wale uliowajibu asubuhi?"

Akatazama barabara ya kwenda kambi ya Mtabila. Walikwisha kwenda kuwalilia watoto wao, pengine wazima.