Nilikwenda Garissa Kusajili Beki

Wewe unayejiona mjinga, nisome mimi upone. Mwaka 1994 klabu yetu ya Nairobi, iliyokuwa ikifungwa kila Jumamosi, ilinituma mimi, kocha wake, Garissa kumsajili Abdi, beki wa chuo cha ualimu, kijana wa miraba minne. Abdi akanionya: bila ruhusa ya baba yake, dalali wa soko la mifugo, haendi popote. Na kwa mzee huyo shida haisemwi moja kwa moja, kwanza unasifia wanyama.

Basi nikamfuata sokoni, nikasifia! Nikamzunguka ngamia mmoja, nikampapasa miguu, nikamtazama meno, jinsi ninavyokagua mabeki. Mzee akanishika mkono, akaufunika kwa shali, akaanza kunibinya vidole. Nikadhani ndiyo salamu ya heshima ya huku. Akibinya viwili, nami nabinya vitatu, nisionekane sina adabu. Watu wakajaa. Mwisho nikabinya vyote vitano. Mzee akafunua shali, soko zima likasema, "Mashallah!"

Nikaona mambo yameiva, nikamkabidhi bahasha nzima ya pesa za usajili. Yeye akanipa kamba.

Abdi akafika mbio kutoka mazoezini. Nikamkumbatia: "Baba amekubali!"

Akaitazama ile kamba, kisha yule ngamia aliyefungwa kwenye ncha yake ya pili.

"Kocha, vidole ndiyo bei. Umenunua ngamia, tena umejipandishia bei mwenyewe."

"Na wewe je?"

Mzee akadakia, huku akitia bahasha mfukoni:

"Huyu? Huyu hujaniuliza."