Pini Isiyokatika

Kila mwaka vijana wa chuo cha ufundi huniita niwape nasaha juu ya ubunifu. Wananiamkia shikamoo kwa pamoja, wananikalisha mbele na chupa ya maji, halafu wananiuliza, bibi, mawazo mapya uliyapata wapi? Nawaambia mambo ya juu juu, wanapiga makofi, narudi zangu nyumbani. Ukweli wenyewe siwaambii, maana ndani yake mna mkono wa kaka yangu.

Nilikuwa mkereza vyuma, mwanamke peke yangu katika karakana ya shamba la mkonge, njia ya kwenda Pangani. Kazi alinitafutia kaka. Yeye alikuwa mlishaji wa korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kutoa singa. Kutwa alisimama akipanga majani juu ya mnyororo, na mnyororo ukayapeleka kwenye ngoma yenye visu. Alikuwa akinitania mbele ya watu, "Huyu mdogo wangu chapati zimemshinda, ndiyo maana kakimbilia chuma." Nami namwambia chapati zangu anazimaliza yeye, tena bila haya.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, hata sanda ya maiti ilitaka kibali. Vipuri ndiyo usiseme. Korona ilikuwa na pini moja, nene kama kidole cha mwisho, iliyoshika gurudumu la kuvuta mnyororo. Majani yakijisokota, pini inakatika: ta! Mnyororo unasimama palepale. Kaka anaingiza mkono kuyachomoa, wenzake wanawasha sigara, mimi nachonga pini nyingine kwa msumari wa uzio. Siku mbaya ilikatika hata mara tano. Hakuna aliyehangaika kwenda kuzima mota. Wakisikia ile ta, walijua mnyororo umekufa.

Meneja alikuwa akija amefura. "Pini gani hii kila saa? Nyinyi mafundi au wachonga mishikaki?" Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nikakata kipande cha ekseli ya trekta bovu, nikakikereza, nikakichoma mpaka kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye oili chafu. Kilitoka cheusi, kigumu, tupa inateleza tu juu yake. Pini hiyo nikaifunga asubuhi. Siku hiyo haikukatika. Wiki ikapita, mwezi ukapita, haikukatika. Jamani, nilivimba kichwa! Meneja aliwaleta wageni waje kuiona pini, na kaka akawaambia, "Hiyo kaitengeneza mdogo wangu, tumbo moja."

Siku moja mkata mkonge alisahau panga lake ndani ya mzigo wa majani. Lilipita juu ya mnyororo, mashine ikanguruma, ikatetemeka, kisha ikalimeza na kulitema upande wa pili vipande vipande. Zamani pini ingekatika. Tulitazamana, halafu tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Tangu hapo mlio wa korona nikawa siupendi. Ikikwama hainyamazi, inanguruma chini chini kama mbwa mwenye mfupa, mkanda unanuka mpira unaoungua, kisha inajikwamua kwa kishindo. Meno ya gurudumu yalikuwa yanaisha. Nikachonga meno mapya, nikakaza mkanda, nikajiona fundi zaidi.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, madukani vitu vikaanza kuonekana. Nikatumwa mjini kununua beringi, duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vipuri tangu enzi za baba yake. Baada ya shikamoo na marahaba akanitolea boksi dogo. "Pini za korona, mwanangu. Mzigo umepita mpakani Horohoro juzi." Nikaikwaruza moja kwa ufunguo, ikachubuka kama sabuni. Nikamwambia, mzee, bidhaa gani hii, hata jioni haifiki.

Alicheka mpaka akakohoa. "Hii inauzwa ili ikatike! Ikatike yenyewe, mtu abaki mzima." Kisha akanitazama. "Kwani nyinyi kule mnatumia nini?"

Nikasema, "Misumari."

Nilinunua lile boksi. Njia nzima nililipakata. Lakini jina langu lilikuwa limeshapelekwa, Mei Mosi nitangazwe mfanyakazi hodari, na sababu iliyoandikwa ilikuwa pini. Zilibaki wiki mbili. Nikalifungia boksi kwenye mtoto wa meza. Nikajiambia Mei Mosi ikipita tu nazibadilisha, miezi yote hiyo pameharibika nini?

Jioni ile kaka alikuja kula kwangu kama kawaida. Nikamwambia, nikijifanya sina neno, "Kaka, siku hizi ikikwama, zima mota kwanza."

Akaacha kutafuna. "Kwa nini? Pini yako haiaminiki?"

Mungu anisamehe. Nilisema, "Inaaminika."

Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa kwenye mashine yangu ya kukereza. Nikausikia ule mngurumo, mrefu kuliko siku zote. Mnyororo ulikuwa umesimama, na kaka kwa mazoea ya miaka akadhani umekufa, akaingiza mkono. Mimi nilisimama na chuma mkononi nikiisubiri ile ta, huku najua haiji. Kikaja kishindo. Halafu watu wakapiga kelele, "Zima! Zima!"

Mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Jioni niliichomoa pini. Ilikuwa imenyooka, haina hata mkwaruzo. Nikafunga mojawapo ya zile laini, nikamwambia msimamizi ndiyo iliyopatikana. Ripoti iliandikwa kwamba mlishaji alifanya uzembe. Niliisoma, nikaelewa kila neno, nikairudisha mezani.

Mei Mosi nilipewa redio. Kaka alitoka hospitali makusudi aje kunishangilia, mkono wa shati umekunjwa na kufungwa kwa pini ya nepi. Wengine walipopiga makofi, yeye alijipiga pajani, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka.

Lile boksi ninalo bado, chini ya kitanda. Kila nikilishika naapa leo namwambia, kisha namwona anavyonitazama, nalirudisha. Amezeeka sasa, anakaa kwangu. Akija mgeni, hasa kijana wa ufundi, anamwita karibu na kuanza: huyu dada yangu unayemwona hivi alikuwa mbunifu, alitengeneza pini ya chuma cha trekta. Mimi hapo ninammenyea chungwa, maana kumenya hawezi.

"Na haikuwahi kukatika," anamwambia. "Hata siku ile, haikukatika."