Hatua Moja ya Askari

Shangazi yangu ni mshonaji, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Ila mbele ya ubao wa sataranji huwa kimya kama maji ya mtungini.

Ubao huo aliuacha babu. Shangazi na baba yangu, ambaye ni kaka yake, wamekuwa wakipokezana: anayeshinda anakaa nao. Sasa baba alikuwa anahamia mbali, kwa kaka yangu mkubwa, na mchezo huu ulikuwa wa mwisho. Atakayeshinda, ubao ni wake moja kwa moja.

Walicheza juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya pini na chaki. Sheria ya babu haikuwa na msalie mtume: ukimtoa malkia wako aliwe, lazima utamke, "Imekwisha." Ikibainika kuwa mwenzako alikuwa na njia ya kuponea, umeshindwa wewe, hata kama yeye hakuiona.

Shangazi aliukodolea ubao macho mpaka pasi ikapoa. Kisha akamsogeza malkia wake mbele ya mfalme wa baba, aliwe.

"Imekwisha, kaka."

Baba akatafuta, akatafuta weee. Mwishowe akamlaza mfalme wake. "Umeniweza, dada. Chukua ubao."

Mimi nilishaanza kupiga vigelegele.

"Hebu nyamaza wewe!" shangazi akanikata. "Kaka, njia unayo. Mfalme wako asikimbilie kona, atoke huku katikati. Nimeiona sasa hivi. Ubao ni wako."

Nilimwona mjinga, nasema kweli. Si angenyamaza tu? Nani angejua?

Baba akamsimamisha mfalme, akamtembeza njia ile tena na tena. Nilidhani anaifurahia bahati yake. Kumbe alikuwa akitafuta kitu kingine. Akamgusa askari mmoja wa shangazi, aliyesahauliwa tangu mwanzo wa mchezo, akamsukuma hatua moja.

Hata mimi nisiyejua kitu niliona: mfalme hakuwa na pa kwenda tena.

"Ilikuwa imekwisha kweli," baba akasema. "Tangu ulipomtoa malkia. Hukuiona wewe, sikuiona mimi, na muda wote ilikuwepo hapa hapa mbele yetu."

Wakabaki wakiutazama ubao, vichwa vimekaribiana. Yule askari hakuna aliyethubutu kumrudisha.

"Umenishindia mchezo wako mwenyewe," shangazi akasema mwishowe. Alikuwa analia. "Na ukishaondoka, nani atakuwa ananionyesha nisichokiona?"