Mahali pa Gwilym Nje ya Uzio

Luned Rowlands alimwona Hedley Pugh, mwenyekiti wa klabu ya raga, kupitia pazia, akipanda mtaa kwa kuchechemea, kifurushi kwapani. Hakuharakisha. Alimwacha anyeshewe kidogo mlangoni, akapanga vikeki vyake vya zabibu kwenye sahani, ndipo akafungua.

"Karibu, mwenyekiti. Umepotea njia?"

"Sijapotea, Luned. Nimekuja kwako."

"Basi umepotea zaidi ya nilivyodhani."

Tangu utoto wa Luned hakuna Pugh aliyekanyaga nyumba hiyo, na sababu ilikuwa raga. Katika kijiji cha Cwmhelyg, kama katika mabonde yote ya kusini mwa Wales, watu waliimba tenzi kanisani Jumapili na kuziimba tena uwanjani Jumamosi, na ukiwauliza ni wapi walipoimba kwa moyo wote, walitazama kando. Wanaume walitoka mgodini na kwenda uwanjani na vumbi la makaa shingoni. Gwilym, baba yake Luned, alivaa jezi namba kumi. Picha yake ilitundikwa juu ya baa ya klabu, mahali ambapo nyumba nyingine huweka msalaba.

Kisha timu moja ya kaskazini mwa Uingereza, kule wanakocheza raga ya mshahara, ikamwita. Mkewe alikuwa anaumwa mapafu na dawa zilihitaji pesa; Gwilym akaenda. Hapa kwao raga ilichezwa bure, na aliyeichezea mshahara alifungiwa maisha. Idwal Pugh, babake Hedley na mwenyekiti wa wakati huo, alipanda juu ya kiti na kuiondoa picha mbele ya ukumbi uliofurika.

Gwilym alirudi na goti bovu. Alizuiwa langoni mwa uwanja. Basi kila Jumamosi alisimama nje ya uzio, kwenye njia ya waenda kwa miguu, akitazama. Kutoka pale jengo la kubadilishia nguo huziba kona ya mbali. Kelele zikilipuka kule, aliuliza kupitia waya, "Nani kafunga?" Watu aliocheza nao bega kwa bega walimpa mgongo. Alipokufa, kwaya ya klabu, iliyokuwa ikimwimbia hata mlevi aliyeanguka mtoni, haikuja kumzika.

Luned hakulia makaburini. Alikwenda mjini akanunua mipira ya soka.

Alianza na watoto wachache kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Walifuata vikeki, wakanogewa na mabao. Mama zao walifurahi kuona meno ya watoto yanabaki vinywani. Mwaka baada ya mwaka Luned alichuma wavulana wa bonde lile mchana kweupe, kama mtu anayechuma matunda ya jirani mbaya. Klabu ya raga ikapoteza timu ya vijana, kisha timu ya pili, kisha waimbaji. Kila pengo Luned alilihesabu kuwa kazi ya mikono yake, na usiku alilala vizuri.

Sasa Hedley alikuwa jikoni kwake, akifungua kifurushi. Gwilym akatokeza pichani, kijana, nywele zimelazwa kwa maji.

"Ilikuwa nyuma ya boila, lile tangi la maji moto la klabu. Baba aliagiza ichomwe. Sikuweza."

"Lakini kuificha uliweza."

Hedley aliikunja karatasi ya kifurushi. "Nahitaji vijana wanne, Luned. Jumamosi. Tumeshindwa kutimiza wachezaji kumi na watano mara mbili. Ya tatu, ligi inatufuta."

"Ifute. Nitawapikia vikeki wafutaji."

"Unadhani ni wewe uliyetuua, siyo?"

"Bonde zima linajua."

"Bonde zima halijui kitu! Klabu ya bonde la pili imefungwa. Ya bonde la tatu inafungwa. Kuna Luned huko? Mgodi umekufa, vijana wako mijini, wazee wanatazama kwenye runinga miguu juu ya kochi. Tungekufa hata kama ungekaa hapa unafuma soksi, dada yangu."

Maneno hayo yalimwingia kuliko tusi lolote. Kisasi cha maisha yake, na mtu anamwambia ilikuwa hali ya hewa tu. Akamimina chai, kikombe kimoja, chake.

"Nitakupa wanne," alisema mwishowe. "Mjukuu wangu Macsen atawaleta. Kwa sharti."

"Picha tutaitundika leo hii."

"Picha inabaki hapa. Ukuta wenu hauistahili. Sharti ni hili: mechi nzima utaitazama ukiwa nje ya uzio, pale pa baba. Lango hulikanyagi."

"Luned, nyonga yangu..."

"Yeye alikuwa na goti."

"Watu watanicheka."

"Watu gani, Hedley?"

Jumamosi ilinyesha. Luned alipita lango kwa mara ya kwanza tangu baba yake afungiwe, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mwenyekiti. Siku hii alikuwa ameiota kwa miaka: jukwaa limejaa, vichwa vyote vinageuka. Kulikuwa na wazee watatu na mbwa.

"Hicho ni kiti cha Hedley," mmoja alisema.

"Najua. Kina baridi kama mwenyewe."

Ng'ambo ya uwanja Hedley alisimama nje, tai ya klabu shingoni, vidole kwenye waya. Vijana wa soka waliukwepa msukumano wa mabega na kuupiga mpira teke kila ulipowafikia. "Ubebe, Macsen!" wazee walipiga kelele. "Haung'ati huo, mwanangu, ubebe!"

Mechi ilikuwa inaisha, pointi sawa kwa sawa, Macsen alipoubeba. Alikimbia ovyo ovyo kama mtu aliyeiba, akaingia kona ya mbali, ile inayozibwa na jengo kwa aliye nje ya uzio, akaanguka juu ya mstari wa mwisho na mpira chini ya kifua: pointi za ushindi. Wazee waliruka. Mbwa alibweka. Mdomo wa Luned ulikuwa umekwisha kufunguka kushangilia. Mjukuu wake alikuwa ameiokoa klabu ya akina Pugh, walau kwa juma moja. Luned akaufunga mdomo.

"Luned!" Sauti ilitoka kwenye uzio. Upepo uliileta vizuri. "Luned! Nani kafunga?"

Luned alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti. Alisubiri mpaka Hedley aulize tena, mpaka akawa na hakika kwamba anamtazama. Kisha akamgeuzia mgongo, taratibu, ili asikose kuona.