Majuma Matatu ya Kubania Maneno

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kichwa cha binadamu kina nafasi zilizohesabiwa, na mtu akishapita miaka hamsini kila neno jipya linaloingia linalisukuma la zamani nje. Habari hii niliipata soko la Kimironko, hapa Kigali, upande wetu wa mafundi cherehani, kutoka kwa fundi jirani yangu, aliyeisikia kwa dereva wa pikipiki, aliyeisikia kwa shemeji yake. Ushahidi wa namna hiyo nani angeupinga? Tena jirani alinitolea mfano hai, nao ulikuwa mimi mwenyewe.

Mimi nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka hamsini na sita, mwanafunzi mzee kuliko wote tangu dunia iumbwe. Mwalimu wetu nilimzidi umri kiasi cha kuweza kumzaa na kumwozesha. Kwa miaka mitatu nilimeza Kiingereza magunia kwa magunia, na siku ya kupewa cheti nilicheza mpaka suruali niliyoishona kwa mikono yangu ikakata tamaa. Haukupita hata mwaka, Kiswahili nilichokulia nacho Kagera kikaanza kunitoroka. Nikitaka mkasi nasema, nipe kile cha miguu miwili, kinachokula kitambaa. Umbo naliona, kazi yake naijua, hata herufi ya kwanza naionja, lakini neno lenyewe limegoma. Halafu nikiwa naoga linajileta, bila hata kuomba radhi. Majina ya watu ndiyo yalikuwa makaidi kupita yote. Wateja wa miaka ishirini nikawageuza wote kuwa "rafiki yangu" na "mama mzuri", na nakiri kwamba walipendezwa.

Ningeendelea kucheka, ila siku ya kuombwa binti yetu ilikuwa inakaribia. Mdogo wangu, kabla hajafariki, alinishika mkono akaniomba jambo moja tu: bintiye akija kuposwa, tusimkodi msemaji, nisimame mimi. Nikamwahidi. Binti huyo nimemlea tangu akiwa darasa la nne, na sasa ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Mchumba wake ni wa Mwanza, kwa hiyo wakwe wangekuja na Kiswahili chao kilichonyooka, na wa kuwajibu ni mimi mwenye maneno yanayovuja.

Msomaji asidhani gusaba, yaani hiyo siku ya kuomba binti, ni kupeana mikono na kunywa soda. Wageni wanaomba, wenyeji wanajifanya hawajui kilichowaleta. Mara hatuna binti, mara yuko masomoni, mara tumeshamwahidi mwingine. Msemaji wa huku na wa kule wanapambana mbele ya hema zima, na mwenyeji anayeishiwa maneno anaiaibisha familia yote, pamoja na walioko kaburini.

Basi nikaanza kubana matumizi. Kamusi nikaifungia kabatini. Redio ikiongea Kiingereza, naziba masikio. Na ili nisiyachakaze niliyobaki nayo, nikawa nawajibu wateja kwa kutikisa kichwa. Mke wangu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja ameniomba ninyamaze, alistahimili siku mbili. Ya tatu akauliza kama ninaumwa au nimepata mwanamke mwingine. Nilipomweleza aliingia jikoni, nikasikia masufuria yakianguka na yeye akicheka. Aliporudi alikuwa amefuta macho.

"Mzee wangu," akasema, "ukiendelea hivi, siku yenyewe utabweka."

Sikumsikiliza. Nikabana hivyo hivyo majuma matatu.

Siku ikafika. Msemaji wa Mwanza alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye kofia safi, na kila sentensi yake ilikuwa imepigwa pasi. Mzee huyo hakumtaja binti yetu kwa jina. Alimwita "ua la nyumba hii", kwa adabu. Nami, nisijisifu, nilikuwa moto. Niliwaambia ua hilo limekwenda kusomea urubani. Niliwaambia limeahidiwa kwa ukoo wenye ng'ombe wanaoziba jua. Mara tatu niliwarudisha nyuma, na hata ndugu wa mke wangu, watu wasionipigia makofi bure, walipiga.

Ikabaki sentensi ya mwisho: binti yetu fulani, tumewapa. Nikafungua kinywa, jina halipo.

Jina nililoliita kila asubuhi ili asichelewe shule. Nauona uso wake, naliona kovu la kidevuni alilolipata bombani, najua baba yake alichagua jina hilo kwa nini. Herufi ya kwanza ikaja, ikachungulia, ikaondoka. Kadiri nilivyolifukuza, ndivyo lilivyokimbia. Nikanyamaza, hema nalo likanyamaza, na nikamwona mdogo wangu akinitazama kutoka huko aliko.

Mzee wa Mwanza alikuwa ameonywa kwamba Wanyarwanda hawatoi binti kirahisi. Akadhani kimya changu ndilo pigo zito kuliko yote. Akasimama tena, akavua kofia, akaanza kumsifu binti upya, jasho likimtiririka. Nilipoliona jasho lake, langu likakauka. Mpaka leo namshukuru mzee yule kuliko mafundi wote walionifundisha kazi.

"Mzee mwenzangu," nikasema taratibu, "nyumba hii ina mabinti wengi. Huyo mnayemtaka mtaje kwa jina, tusije tukawapa asiye wenu."

Akalitaja. Nikalipokea kama mzazi aliyerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni, nikalirudia mara tatu kwa sauti, nikawapa. Makofi yaliyopigwa yalisikika Bujumbura. Shemeji zangu wanasema hawajaona mwenyeji mjanja kama mimi, nami sijawasahihisha.

Sahani zilipokuwa zinakusanywa, bibi harusi wetu mtarajiwa alikuja akaketi kando yangu, akaniinamia sikioni.

"Baba mkubwa, ulilisahau jina langu."

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Nikamweleza yote: nafasi za kichwani, Kiingereza cha shule ya jioni, ahadi niliyompa baba yake. Nikamwomba radhi kwa kuwa labda mahali pa jina lake niliweka msamiati wa mtihani. Akanishika mkono kama anavyowashika wagonjwa wake, ingawa alikuwa anatabasamu.

"Hakuna neno linalosukumwa nje," akasema. "Unajua maneno mengi kuliko ulipokuwa kijana, na bado unaweza kujifunza mengine. Umri unachelewesha kuyatoa tu, na majina ndiyo yanachelewa zaidi, hasa mtu akiwa na wasiwasi. Huo si ugonjwa, baba. Ongea tu kama kawaida, na likikwama, lisubiri."